Uhuru wa Mtu Binafsi katika Tamthilia ya Kigogo

Swali la uhuru katika Kigogo huwapotosha watahiniwa wengi kwa sababu neno lenyewe linasikika mapema mno. Tamthilia inapoanza, Sagamoyo imo katika sherehe za uhuru. Mtahiniwa hushika sherehe hizo, akaeleza jinsi viongozi walivyowasaliti wananchi baada ya mkoloni kuondoka, akataja ufisadi na unyakuzi wa soko, na ukurasa ukajaa. Hoja hizo si za uongo. Ila ikiwa swali limesema uhuru wa mtu binafsi, bado hajaligusa. Nchi inaweza kuwa na bendera na wimbo wake huku mtu mmoja mmoja ndani yake hana uamuzi juu ya mikono yake, ulimi wake wala ndoa yake. Pauline Kea ameijenga tamthilia yake katika pengo hilo.

Kumbuka kwamba katika Kiswahili neno huru lilimhusu mtu kabla ya kuihusu nchi. Asili yake ni Kiarabu, na huku pwani aliyekuwa huru ni yule asiyekuwa mtumwa wa mtu. Utumwa ulifutwa kisheria katika mwambao wa Kenya mwaka wa 1907, miaka 56 kabla ya Uhuru tunaousherehekea kila Desemba. Kwa hivyo swali la kwanza la uhuru lilikuwa hili: nani anaamua mwili na kazi ya mtu huyu vifanye nini? Nenda na swali hilo Sagamoyo, utaona mambo ambayo hotuba za sherehe zinayaficha.

Mwangalie Sudi kwanza. Ni mchongaji katika karakana ya soko la Chapakazi. Utawala wa Majoka unamtaka achonge kinyago cha shujaa Marara bin Ngao, na anaahidiwa manufaa makubwa akikubali. Boza haoni ubaya wa kazi hiyo. Kazi ni kazi. Sudi anakataa. Anajua anachotakiwa kukitukuza, na hataki kipaji chake kitumike kupamba uongozi anaoupinga. Hata keki ya sherehe inayoletwa na Kenga haitaki. Wanafunzi huiruka keki hiyo kwa kuiona kitu kidogo. Usiiruke. Ukubali wa mtu hununuliwa polepole, kwa kitu kinachoonekana hakina neno, na baadaye anashindwa kukataa kikubwa kwa kuwa alikwisha kupokea kidogo.

Hapa ndipo ningependa utofautishe maneno mawili katika insha yako: uhuru na ruhusa. Ruhusa hutoka kwa mwenye nguvu, naye anaweza kuitwaa tena kesho. Uhuru mtu anao kwa kuwa ni mtu. Sagamoyo ina ruhusa nyingi. Wananchi wameruhusiwa kusherehekea. Asiya, yaani Mama Pima, ameruhusiwa kuuza pombe haramu. Lakini wachuuzi wa Chapakazi hawana ruhusa ya kufanya biashara mahali walipozoea kupata riziki, kwa kuwa soko limefungwa na Majoka ana mipango ya hoteli ya kifahari. Kituo cha runinga kinachoonyesha maandamano nacho kinaamriwa kufungwa. Jiulize: kinachoruhusiwa kina faida kwa nani, na kinachokatazwa kinamtisha nani? Pombe inamlaza mlevi Mangweni asiulize kitu. Runinga inamwamsha.

Mfano wa Mama Pima unakusaidia pia kueleza mipaka ya uhuru, jambo ambalo watahiniwa hulisahau. Uhuru wa mtu binafsi haumaanishi kila mtu afanye apendavyo. Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, kisha ibara hiyohiyo inasema uhuru huo hauhusu uchochezi wa vita wala matamshi ya chuki. Ibara ya 24 inaeleza kwamba haki inaweza kuwekewa mpaka, lakini kwa sheria na kwa kiasi kinachofaa katika jamii ya kidemokrasia inayoheshimu utu. Sagamoyo imepindua utaratibu huo. Anayedhuru wenzake kwa kinywaji ana kibali. Anayewaita wenzake wazungumze kuhusu soko lao anaandamwa. (Katiba itaje kwa sentensi moja tu. Unatahiniwa fasihi, na hakuna alama ya kukariri ibara.)

Tunu anaubeba uhuru huu kwa namna nyingine. Majoka anapendekeza aolewe na mwanawe, Ngao Junior. Tazama werevu wa pendekezo hilo: mpinzani angegeuzwa mkwe, na mkwe hapigi kelele barazani. Tunu anakataa. Wengi huandika kitendo hiki chini ya ndoa au nafasi ya mwanamke wakaishia hapo. Kiandike pia hapa, kwa maana kuchagua wa kuoana naye ni sehemu ya uhuru wa mtu binafsi iliyo karibu naye kuliko kura yoyote. Baadaye anavamiwa na kuumizwa mguu. Bado anarudi kwa watu.

Sasa tuje kwa Ashua, na hapa sikubaliani na majibu mengi ninayosahihisha. Ashua ana elimu ya ualimu, lakini anategemea uchuuzi sokoni. Soko linapofungwa, watoto wanahitaji kula, naye anakwenda kwa Majoka kuomba msaada. Majoka ana lake: anamtaka kimapenzi. Husda anaingia, ugomvi unazuka, na Ashua anaishia kizuizini. Kisha anageuzwa bei: Sudi akichonga kinyago, mkewe ataachiliwa. Ashua mwenyewe anamgeukia mumewe na kudai talaka. Watahiniwa wengi humwita msaliti, mwenye tamaa, mke asiyevumilia.

Isome tena sehemu hiyo kabla hujaandika neno msaliti. Sudi ametumia uhuru wake kusema hapana, na gharama imelipwa na mtu aliye seli. Je, uhuru wa mume una uzito gani kwa mke ambaye hakuulizwa? Mwandishi haturahisishii jibu. Ni kweli Sudi akichonga, Majoka atakuwa amejifunza kwamba kila mchongaji ana mke anayeweza kufungwa, na hakuna atakayekuwa salama tena. Ni kweli pia kwamba njaa ya watoto haingoji mapinduzi. Mtu asiye na chakula anaweza kulazimishwa bila pingu. Ndiyo maana kulifunga soko ni shambulio juu ya uhuru wa mtu binafsi sawa na kumtia Ashua ndani: ukimnyang'anya mtu riziki, unamleta mlangoni pako mwenyewe, kwa miguu yake, kuomba. Ashua alifika ofisini kwa Majoka kwa njia hiyo hasa. Mtahiniwa anayeiona njia hiyo, kutoka soko hadi ofisi hadi seli, huwa ameielewa tamthilia kuliko anayeorodhesha sifa kumi za Ashua.

Kuhusu thamani ya uhuru huu kwa jamii nzima, usiandike maneno ya jumla kama "huleta maendeleo". Tumia Kingi. Majoka anaamuru umati uliokusanyika penye lango la soko upigwe risasi, na Kingi, mkuu wa polisi, anakataa. Hadi dakika hiyo alikuwa mtekelezaji wa amri. Kukataa kwake ni kwa mtu mmoja, kama kule kwa Sudi, lakini kunawaokoa wote waliosimama pale, na utawala wa Majoka unaporomoka kwa kukosa mkono wa kuushikia bunduki. Unapoiandika hoja hii, taja amri iliyotolewa, nani aliitoa na ilimlenga nani, ndipo ueleze kukataa. Watahiniwa wengi huandika tu kwamba Kingi ni mzalendo, na alama moja ikapotea hapo.