Panga na Mkono wa Pili: Umbo la Chombo, Matumizi Yake na Huduma ya Jeraha

Mkulima anayefyeka kichaka, muuza madafu kando ya barabara na mkata miwa shambani hutumia chombo kimoja, yaani panga. Mkono mmoja hushika mpini. Mwingine hushika kile kinachokatwa. Aghalabu mkono huo wa pili ndio unaofikishwa zahanati ukiwa umeviringwa kitambaa chenye damu. Jeraha lake huweza kuwa na urefu wa sentimita 2 tu, likashonwa kwa nyuzi tatu na kupona vizuri kwa nje, ilhali kidole hakitakunjika tena. Makala haya yanaeleza namna panga linavyokata, namna ya kulitumia kwa usalama, na yale ambayo mgonjwa na mhudumu wa afya wanapaswa kuyafanya ili mkono usipotee kwa jeraha lililoonekana dogo.

Namna panga linavyokata

Panga ni bapa la chuma cha pua, jembamba na refu, ambalo kwa mapanga mengi ya Afrika Mashariki hupanuka kuelekea nchani. Upana huo huweka uzito mwingi mbele, mbali na kiganja, hivyo bapa likianza kushuka huongeza kasi. Nishati ya pigo hutegemea uzito na kasi, ila kasi ina nguvu zaidi: uzito ukiongezwa mara mbili, nishati huwa mara mbili, kasi ikiongezwa mara mbili, nishati huwa mara nne. Kwa sababu hiyo, panga zito kupita kiasi humchosha mtumiaji bila faida inayolingana na uchovu huo. Na kwa sababu hiyo hiyo, pigo la kawaida huweza kupita ngozi, kano na hata mfupa kwa mara moja.

Chuma cha panga hufanywa laini kiasi kuliko cha kisu cha jikoni. Kikigonga jiwe, makali hupinda badala ya kumeguka, na mkulima huweza kuyanoa kwa tupa akiwa shambani. Hasara yake ni kwamba makali huisha mapema. Wengi hudhani panga butu lina usalama zaidi, lakini sivyo. Panga butu halizami kwenye mti, bali huteleza; naye mtumiaji huongeza nguvu, na pigo lililoteleza huishia mguuni au kwenye mkono wa pili.

Mpini nao una sehemu yake. Panga la kawaida halina kizuizi kati ya kiganja na makali, hivyo mpini ulioloa jasho au utomvu huruhusu mkono kuteleza mbele. Mpini unaofaa hujaza kiganja, una kipindo mwishoni kinachozuia kuponyoka, na ribiti zake hazichezi. Ukipasuka, ubadilishwe, kuufunga kwa mpira huficha ufa bila kuuondoa.

Umbo la chombo linaweza kugusa afya kwa njia nyingine pia. Nchini El Salvador, ambako wakata miwa wengi wameathiriwa na ugonjwa sugu wa figo unaohusishwa na kazi nzito katika joto kali, mpango mmoja uliwapa wafanyakazi maji, mapumziko na kivuli, pamoja na panga lililobuniwa upya ili kupunguza kuinama na nguvu inayotumika. Kiasi cha miwa kilichokatwa na kila mfanyakazi kwa siku hakikupungua, bali kiliongezeka.

Matumizi salama

Noa panga kabla ya kazi, ukipitisha tupa kuelekea mbali na mwili wako. Hakikisha hakuna mtu, hasa mtoto, ndani ya eneo ambalo mkono wako ulionyooshwa pamoja na panga unaweza kulifikia. Simama kwa namna ambayo pigo likikosa litapita pembeni mwa mguu. Vaa buti au viatu vilivyofunika miguu.

Usikate kitu kilicholala kiganjani. Dafu, muwa au kuni viwekwe juu ya gogo, na mkono wa pili uwe mbali na njia ya makali. Ukimpa mwenzako panga, liweke chini alichukue mwenyewe. Wakati wa kusafiri, hasa kwa pikipiki, panga liwe ndani ya ala.

Huduma ya kwanza

Damu ikitoka, bonyeza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi bila kuachia kwa dakika 10 au zaidi, huku mkono ukiwa umeinuliwa juu ya usawa wa moyo. Damu nyingi isipozuilika na maisha yakawa hatarini, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kaza hadi damu ikome, na andika saa uliyofunga. Usitumie kamba nyembamba wala waya.

Damu ikishatulia, osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka. Usitie majivu, mafuta ya taa, udongo, kinyesi cha mnyama wala dawa ya meno. Udongo na kinyesi hubeba vimelea vya pepopunda, na vitu vyote hivyo huficha kina cha jeraha.

Kidole kikikatika kabisa, kiviringe kwa shashi au kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge, kisha weka mfuko huo kwenye maji yenye barafu. Barafu isiguse nyama. Kukiunga tena huhitaji upasuaji wa hali ya juu unaopatikana mahali pachache. Hata hivyo, daktari ndiye atakayeamua, si yule aliyekiokota.

Kwa mhudumu wa afya

Kabla ya kuchoma ganzi, pima hisia kwa kugusa kila upande wa kila kidole. Ganzi ikishaingia, huwezi tena kujua kama mshipa wa fahamu umekatika. Tazama pia rangi ya vidole na kasi ya damu kurejea baada ya kubonyeza ncha.

Kisha mwambie mgonjwa alegeze mkono. Kidole kinachobaki kimenyooka ilhali vingine vimejikunja kidogo kinaashiria kano iliyokatika. Shikilia sehemu ya kati ya kidole na umwambie akunje ncha. Halafu shikilia vidole vingine vikiwa vimenyooka na umwambie akunje kile kinachopimwa. Jeraha likiwa nyuma ya mkono, pima kunyoosha. Maumivu makali wakati wa kukunja yanaweza kuashiria kano iliyokatika nusu.

Usitegemee macho peke yake. Kiganja kilichokatwa kikiwa kimefumbata kitu, kikifunguliwa, ncha ya kano husogea mbali na jeraha, na anayechungulia huona jeraha lisilo na kasoro. Wala usibane kwa koleo mshipa unaotoa damu bila kuuona vizuri, kwa kuwa mishipa ya fahamu hupita kandokando yake.

Ukishuku kano, mshipa wa fahamu au mfupa, osha jeraha, lifunike, weka gango na umpeleke mgonjwa hospitali ya rufaa mapema. Kano huungwa vizuri zaidi katika siku za mwanzo. Wiki kadhaa zikipita, misuli hufupika na kovu hujaza njia yake. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Wanawake wengi huipata kliniki ya wajawazito, lakini wanaume wengi hawajaipata tangu utotoni. Jeraha likitokana na shambulio, huduma ya dharura isisubiri fomu ya polisi.

Baada ya matibabu

Kano iliyoungwa huhitaji gango na mazoezi yanayoongozwa na mtaalamu. Kuivua gango mapema huweza kuikata upya. Kutofanya mazoezi huigandisha. Kazi nzito husubiri takriban wiki 12. Mshipa wa fahamu huota kwa takriban milimita 1 kwa siku, hivyo jeraha la kifundo cha mkono huhitaji miezi mingi kabla ya hisia kurejea vidoleni. Wakati huo mgonjwa ajihadhari na moto, kwa maana ataungua bila kuhisi.

Kwa mkulima, miezi mitatu bila mkono ni msimu mzima wa kilimo, na familia inapaswa kuelezwa hivyo mapema ili ipange nani atashika kazi. Msimu mmoja uliopotea hulipika. Mkono ulioshonwa bila kupimwa haulipiki.