Murumbi, jamaa aliyetunza karatasi

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia keja yetu hapa Mukuru kwa Reuben, yalibeba godoro, jiko na bahasha yangu: cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE na barua ya chuo ambacho sikumaliza. Godoro nilinunua lingine. Bahasha ilienda na Mto Ngong.

Ndiyo maana nilipoingia Makavazi ya Kitaifa, pale pale Archives mnapopangia kukutana na watu lakini hamwingii, nilikwama mbele ya mkusanyiko wa Joseph Murumbi. Jamaa alikusanya karatasi karibu 50,000 na maelfu ya vitabu vya zamani. Nikajiuliza, huyu alikuwa nani?

Alizaliwa 1911, baba Mgoa, mama Mmaasai. Shule alisomea India, kisha akafanya kazi miaka mingi Somalia. Oktoba 1952 kina Kenyatta wakashikwa, na Murumbi, ambaye hakuwa na muda mrefu tangu arudi nyumbani, akaachiwa ukatibu wa KAU. Alisaidia kuwatafutia mawakili wa kesi ya Kapenguria. 1953 akaondoka: India, Misri, halafu London. KAU ikapigwa marufuku mwaka huo huo, naye akakaa nje miaka tisa.

London hakukaa akilia. Alipiga kampeni dhidi ya ukoloni pamoja na Waingereza waliokuwa upande wetu, na akapata kazi kwa ubalozi wa Moroko. Hiyo ya Moroko ndiyo imenishika. Mtu ambaye nchi yake haina hata bendera anaamka kila asubuhi kwenda kutumikia bendera ya wenyewe. Mimi naona kazi ya ubalozi aliijulia hapo, si darasani.

Alirudi 1962. Kufikia mwisho wa 1964 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, ndiye uso wa Kenya mbele ya dunia. Lakini Februari 1965 rafiki yake wa dhati, Pio Gama Pinto, aliuawa kwa risasi hapa Nairobi. Mei 1966 Murumbi akafanywa Makamu wa Rais, na kabla mwaka uishe akajiuzulu. Wangapi huachilia kiti kama hicho?

Baadaye aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga, iwe taasisi ya utafiti wa Afrika. Ikabomolewa. Niliposoma hapo nilicheka kidogo, kicheko kibaya. Mei 2024 matingatinga yalipokuja huku kwetu kando ya mto, nilidhani kubomolewa ni shida ya watu wa mabati tu.

Alifariki 1990. Amezikwa City Park, karibu na Pinto.

Karatasi zake ziko salama, unaweza kwenda kuziona. Zangu bado nazifuatilia. Wiki hii nimeambiwa nirudi Jumatatu, nije na nakala ya kile cheti kilichopotea.