Aliyeiuza chupa na aipokee

Majuzi mzazi mmoja alinisimulia kisa kilichonichekesha kwanza, kisha kikaniudhi. Mwanawe wa shule ya msingi alikuwa ameagizwa na mwalimu alete chupa tano za plastiki zilizotupwa, ili darasa lijifunze namna ya kuzigeuza taka kuwa vitu vya manufaa. Mtoto alilikumbuka agizo hilo usiku, mvua ikinyesha. Mzazi hakuwa na budi ila kwenda dukani akanunua chupa tano za maji, akayamwaga maji ndooni, na asubuhi mtoto akaenda shuleni na "taka" zake. Zikakatwa, zikapakwa rangi, zikapandwa maua. Muhula ulipokwisha zikatupwa jaani.

Simlaumu mwalimu yule, kwani alitimiza wajibu wake kwa vifaa alivyokuwa navyo. Lawama yangu ni juu ya somo lenyewe. Tunawafunza watoto wetu kwamba kutumia taka upya ni kazi ya makasi na gundi, ilhali ni suala la biashara: je, chombo kikishatumika ni nani anayepaswa kukipokea, na kwa gharama ya nani?

Sisi tuliolelewa zama za chupa za kioo twalijua jibu. Ulipotumwa soda ulishika pesa mkono mmoja na chupa tupu mkono wa pili. Ukienda bila chupa, mwenye duka alikutaka uweke amana, la sivyo unywe papo hapo mbele ya macho yake. Nami niliwahi kuivunja moja njiani, nikailipia kwa majuma mawili bila peremende. Sikujua kwamba nilikuwa nikishiriki katika kile ambacho wataalamu wa leo, kwenye makongamano yao, wanakiita uchumi wa mzunguko.

Hebu tuifuate chupa ile. Lori lililoleta makreti yaliyojaa ndilo lililorudi na makreti matupu, kwa hivyo safari ya kurudi haikuwa ya bure. Kiwandani chupa zilioshwa kwa maji moto yenye dawa kali, zikakaguliwa, zenye ufa zikatengwa na zilizo nzima zikajazwa tena. Chupa moja iliweza kwenda na kurudi hivyo mara nyingi mno. Hata iliyovunjika haikuwa hasara tupu. Kioo hutengenezwa kwa mchanga, chokaa na magadi, yale yale yachimbwayo katika Ziwa Magadi, nacho chaweza kuyeyushwa tena na tena bila kupungua ubora. Isitoshe, vigae vya kioo huyeyuka kwa joto dogo kuliko mchanga mbichi, hivyo tanuri huokoa kuni au mafuta.

Mzunguko huo haukusukumwa na mapenzi ya mazingira. Ulisukumwa na shilingi. Mtoto mzembe akiiacha chupa kando ya njia, mwingine aliiokota mbio akaidai amana yake.

Ndipo ikaja plastiki. Ni kweli kwamba kioo ni kizito na hulitwisha lori mzigo mkubwa, na plastiki ikianguka haivunjiki. Sikatai. Lakini faida hiyo ilimwendea nani? Kiwanda kiliondokewa na kazi ya kukusanya na kuosha, na kazi ile ikahamia mitaroni, mitoni na kwa serikali za mitaa, kisha za kaunti. Jaa la Dandora, mathalani, lilitangazwa kuwa limejaa mnamo 2001, ila malori yaliendelea kumimina taka pale kwa miaka mingi baadaye. Ndipo mahali ambapo akina mama na vijana huzichambua chupa kwa mikono mitupu na kuziuza kwa kilo.

Na baada ya kuuzwa? Husagwa, na nyingi kati yake huishia kuwa nyuzi za kufumia nguo au kujazia mito. Mto huo ukichakaa ni nadra kurudishwa uwe chupa. Mimi siuiti huo mzunguko. Ni safari ile ile ya jaani, ila abiria ameshuka kituo kimoja kupumzika.

Chuma ni kinyume chake. Kwa kuwa kina bei, hurudi tanurini. Wakati mwingine hurudi hata kabla ya siku zake! Itakumbukwa kuwa mnamo Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, nayo marufuku hiyo ikaondolewa mwezi wa Mei.

Wajerumani waliliona jambo hili. Tangu 2003 chupa nyingi za plastiki na mikebe ya vinywaji huko huuzwa kwa amana ya senti 25 za euro, na sehemu iliyo kubwa mno ya vyombo hivyo hurudi madukani. Sisi nasi hatukukaa kitako. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku mnamo Agosti 2017, tena kwa faini iwezayo kufika shilingi milioni nne. Halafu Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya 2022 ikawatwika wazalishaji wajibu juu ya bidhaa zao hata baada ya kutumika. Kwa maoni yangu, wajibu huo hautakuwa na meno hadi kila chupa ya plastiki iwe na amana iliyoandikwa kifuani pake.

Kuna watakaodai kuwa amana itampandishia mlalahoi bei. Amana si bei, kwani hurudi mkononi mwa aliyeiweka, au mwa yule mama wa Dandora. Ninalolihofia zaidi ni mwenye kioski. Duka lake ni finyu, na chupa tupu hazina faida kwake. Bila kulipwa senti chache kwa kila chupa anayoipokea, atawafukuza watu nazo, na mpango wote utafia mlangoni pake.

Kwa walimu nina ombi. Muhula ujao, badala ya kuagiza chupa tano, lichukueni darasa hadi duka lililo karibu, mkiwa na chupa moja tupu. Wanafunzi na wamuulize mwenye duka atawalipa kiasi gani akiipokea, na iwapo haipokei, ni nani aliyemwambia asiipokee. Wakirudi darasani, waandike majibu yake daftarini.