Shaba Ikianza Kulia

Hapa Kolwezi shaba hutupita barabarani kila siku. Malori yanayokwenda Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa hubeba kathodi zilizofungwa kwa mikanda ya chuma, mabamba mazito ya shaba iliyokwisha kusafishwa. Kongo huzalisha zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, na nyingi hutoka kwetu Lualaba. Lakini wanafunzi wangu wa kemia, watoto wa mji huu huu, wengi wao hawajawahi kuikunja shaba kwa mikono yao. Wanajua alama yake, wanajua huyeyuka kwenye nyuzi 1085 za Selsiasi. Jinsi inavyousikia mkono wa mtu, hilo hakuna aliyewaonyesha.

Mimi huigonga Jumamosi alasiri, uani, chini ya mwembe. Si kazi ya kunilisha. Nafanya kwa sababu naipenda. Alinifundisha mjomba wangu, fundi wa karakana aliyestaafu, na somo lake la kwanza halikuhusu nyundo. Aliniambia: “Mama, sikiliza. Ikianza kulia, imechoka. Irudishe motoni.”

Alikuwa anasema jambo ambalo kemia inalieleza vizuri. Ndani ya bamba la shaba atomi zimejipanga katika fuwele, na shaba ikiwa laini, safu zake huteleza moja juu ya nyingine kila unapoigonga. Ndiyo maana hukubali kubonyea bila kupasuka. Lakini kila pigo huacha vurugu katika mpangilio huo, na vurugu zikijaa, safu hukwama. Bamba huwa gumu, nyundo inaruka, na sauti inabadilika: ile iliyokuwa nzito na fupi inakuwa kali, inaita. Ukiendelea kugonga hapo, utapata ufa.

Basi tunarudi kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Makaa yakishika vizuri naliweka bamba juu yake na kulitazama nikiwa kivulini, kwa kuwa juani wekundu hauonekani na mtu anaweza kulichoma kupita kiasi. Likipata wekundu hafifu, inatosha. Ndani ya joto hilo fuwele mpya huzaliwa na shaba inakuwa laini tena. Nalitumbukiza kwenye ndoo ya maji papo hapo. Wanaojua chuma hushtuka, maana chuma cha pua kikizimwa hivyo huwa kigumu. Shaba haina tabia hiyo. Maji huipoza tu na kuibandua sehemu ya gamba jeusi la moto. Gamba linalobaki huondoka kwa ndimu na chumvi, kisha bamba huoshwa kwa maji mengi. Kazi yenye maumbo marefu hurudi motoni mara kadhaa kabla haijakamilika, na anayeona uvivu kuwasha moto ataona kazi yake ikipasuka pembeni.

Vifaa ni vichache. Bamba la unene wa nusu milimita au zaidi kidogo, nyundo ya mbao, nyundo ndogo ya chuma, mfuko wa turubai uliojaa mchanga, na tindo butu ambazo unaweza kuzitengeneza kwa misumari mikubwa, ukisaga ncha zake mpaka ziwe laini zisikate. Mchoro hupitishwa kwenye bamba kwa karatasi ya kaboni. Kwanza nafuata mistari kwa tindo upande wa mbele, kisha nageuza bamba na kusukuma maumbo kutoka nyuma juu ya mfuko wa mchanga. Kwa kazi ndogondogo, kama jani au jicho, mchanga hautoshi. Bamba hulazwa juu ya lami iliyochanganywa na vumbi la matofali na mafuta kidogo, ambayo hulishika imara lakini hukubali kubonyea pale tu tindo inapopiga. Halafu nageuza tena mbele kunoa kingo. Mbele, nyuma, moto.

Bamba nalinunua dukani. Sinunui shaba ya nyaya zilizochomwa usiku ili plastiki iondoke. Moshi wake ni sumu, na nyaya hizo mara nyingi zimekatwa kwenye laini ya umeme ya mtaa fulani ambao sasa umelala gizani.

Ufundi huu haukuletwa na kampuni. Union Minière, kampuni ya migodi, iliundwa mwaka 1906. Karne nyingi kabla yake watu wa nchi hii walikuwa wakichimba malakaiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, na kuiyeyusha wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, katika tanuru za udongo wa kichuguu zilizopulizwa kwa mivukuto ya ngozi. Walijulikana kama wala-shaba. Kule Sanga, katika bonde la Upemba, waakiolojia waliochimba makaburi kuanzia mwaka 1957 walikuta misalaba midogo ya shaba imewekwa pamoja na wafu, na kadiri miaka ilivyosonga misalaba hiyo ilizidi kuwa midogo na kufanana ukubwa, dalili kwamba ilikuwa imegeuka fedha. Msalaba huohuo uliwekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Na Bunkeya, kwa Mfalme Msiri, Wayeke waliotoka Unyamwezi waliivuta shaba mpaka ikawa waya mwembamba wa kuzungushia bangili. Kwa mikono! Nikiwaza hilo huwa naziheshimu zaidi nyundo zangu.

Sokoni picha za shaba zimezoea mambo machache: tembo, mama mwenye mtungi kichwani, ramani ya Afrika. Zina ustadi, na zimesomesha watoto wengi. Lakini ningependa tuchore kilicho chetu hasa. Mimi nimeng’ang’ania mmea mmoja, Haumaniastrum robertii, wa jamii moja na mrehani. Huota kwenye vilima vya ukanda huu ambavyo udongo wake una shaba na kobalti nyingi kiasi kwamba miti ya miombo haimei. Vilima hivyo vilivyo wazi katikati ya pori viliwaonyesha watafutaji wa madini mahali pa kuchimba, na mingi ya mimea yake sasa inatoweka, kwa sababu mgodi wa wazi huanza kwa kukiondoa kilima chenyewe.

Ni mmea mgumu kuuchora. Shina jembamba linataka tindo nyembamba, na tindo nyembamba hutoboa bamba upesi, kwa hiyo shina nalipiga mwisho, baada ya moto wa mwisho, kwa mapigo mepesi yanayopishana. Vichwa vya maua navisukuma kutoka nyuma juu ya lami. Kazi ikikauka nailinda kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, isije ikashika ukungu wa kijani. Wanaoniomba bakuli la kulia nawakatalia: chakula chenye uchachu, nyanya au ndimu, huyeyusha shaba na kumdhuru mlaji, isipokuwa ndani ya chombo pamepakwa bati. Sahani zangu ni za ukutani. Ile ya mmea wa vilima naipeleka darasani, wanafunzi waishike, waipinde pembeni kidogo, waisikie inapoanza kukataa.