Muda wa Kuhifadhi Bia Kali: Vigezo vya Uamuzi na Tatizo la Tarehe kwenye Lebo

Ikisiri

Bia nyingi hupungua ubora tangu siku zinapotiwa chupani, lakini kundi dogo la bia kali huhitaji muda ili kukomaa. Makala hii inaeleza mabadiliko yanayotokea ndani ya chupa, vigezo vinavyotumika kukadiria muda wa kuhifadhi, na tatizo ambalo bia hizo zinaibua kwa watunga kanuni za lebo, hususani katika maeneo ya joto ya Afrika Mashariki.

Utangulizi

Kwa watengenezaji wa pombe za jadi za ukanda huu, muda si suala la mjadala. Mbege ya Uchagani na urwagwa wa Rwanda na Burundi huendelea kuchachuka hata wakati zinaponywewa, na baada ya siku chache huwa kali mno na kumwagwa. Bia ya kawaida ya kiwandani, ambayo huchujwa na kupashwa joto ili kuua vijidudu, hudumu kwa miezi kadhaa, lakini kudumu huko ni kuchelewa kuharibika tu. Msomaji aliyezoea hali hizo mbili ana haki ya kushangaa anaposikia kwamba mtu hununua chupa ya bia leo kwa nia ya kuifungua baada ya miaka 10.

Hata hivyo, desturi hiyo ina mizizi. Mwaka 1968 kiwanda cha Eldridge Pope cha Dorchester, Uingereza, kilitoa bia iliyoitwa Thomas Hardy's Ale, kwa kumbukumbu ya mwandishi Thomas Hardy aliyefariki mwaka 1928. Bia hiyo ilikuwa na alkoholi ya takriban asilimia 12, na watengenezaji wake walidai kwamba ingeweza kuhifadhiwa kwa miaka 25. Viwanda vidogo vya Marekani vilivyoanza kuchipuka katika miaka ya 1970 na 1980 viliiga mtindo huo wa bia nzito ya kimea. Bigfoot ya kampuni ya Sierra Nevada, iliyoanza mwaka 1983, bado hutolewa kila mwaka ikiwa na mwaka wake kwenye lebo, na wanywaji wengi huiweka akiba.

Kinachotokea ndani ya chupa

Bia iliyofungwa haijatulia. Oksijeni kidogo iliyobaki chini ya kizibo, pamoja na ile inayopenya polepole kupitia kizibo chenyewe, hushambulia viambato vya kimea na hopsi. Uchungu wa hopsi hupungua, na harufu zake za maua na matunda hutoweka mapema zaidi. Katika bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, matokeo ya kwanza ni harufu ya karatasi iliyolowa, na bia ya aina hiyo haipati chochote kwa kusubiri. Katika bia nyeusi au nyekundu iliyojaa kimea kilichokaangwa, mchakato uleule huzaa ladha za zabibu kavu, asali, ngozi na mvinyo wa aina ya sheri. Hapa ndipo ilipo siri ya jambo lote: oksijeni inayoharibu bia moja ndiyo inayoipamba nyingine, na tofauti inatokana na kile kilichokuwamo tangu mwanzo.

Alkoholi nyingi husaidia kwa njia mbili. Huzuia vijidudu, na mwanzoni huunguza koo kiasi kwamba muda unahitajika ili makali hayo yalainike. Hamira hai iliyoachwa chupani nayo hutumia sehemu ya oksijeni. Lakini hamira hiyo hufa, na inapooza hutoa ladha ya mchuzi wa nyama au wa soya. Kiasi kidogo huongeza kina. Kikizidi, kinywaji kimeharibika.

Ukali wa alkoholi pekee, kwa hiyo, si kigezo kinachotosha. Orval, bia ya watawa wa Ubelgiji, ina asilimia 6.2 tu kwa mujibu wa lebo, lakini hubadilika sana katika mwaka wake wa kwanza kwa sababu hutiwa hamira ya pori iitwayo Brettanomyces. Chupa changa ina uchungu na harufu ya hopsi; chupa ya miezi kadhaa ni kavu, yenye harufu ya ngozi na zizi. (Jina la hamira hiyo, lililotolewa na Claussen wa maabara ya Carlsberg mwaka 1904 baada ya kuichunguza katika bia za Kiingereza zilizohifadhiwa, lina maana ya kuvu ya Uingereza.) Kinyume chake, stauti nzito iliyotiwa kahawa, hata ikiwa na asilimia 12, hupoteza harufu ya kahawa mapema, na anayeitunza kwa miaka mitano anaitunza kwa hasara.

Kukadiria muda

Swali la kwanza basi si "bia hii itadumu miaka mingapi?" bali "nini ndani yake kitapotea, na nini kitazaliwa?" Ikiwa sifa kuu ya bia ni hopsi, kahawa au matunda mabichi, inywewe sasa. Ikiwa ni kimea cheusi, moshi au uchachu wa asili, kuna sababu ya kusubiri.

Jibu la pili hutolewa na chupa zenyewe. Hakuna hesabu inayoweza kuchukua nafasi ya kuonja. Kwa sababu hiyo wahifadhi wazoefu hununua chupa sita au zaidi za toleo moja, hufungua moja ikiwa changa ili wawe na kipimo cha kulinganisha, kisha nyingine kila mwaka. Chupa inapoonekana kuwa bora kuliko ya mwaka uliopita, husubiri. Isipoonyesha maendeleo mara mbili mfululizo, zilizobaki hunywewa. Anayenunua chupa moja tu anabahatisha, na kwa kawaida hukosea kwa kuchelewa, kwani kila mwaka unaopita humfanya aione kuwa ya thamani mno kufunguliwa.

Joto ndilo linaloamua kasi. Makadirio ya miaka yanayosomwa katika vitabu vya Ulaya huchukulia chumba cha chini ya ardhi chenye nyuzi 10 hadi 13 za Selisiasi. Kwa kanuni ya jumla ya kemia, kasi ya mabadiliko ya aina hii huongezeka mara mbili hadi tatu kwa kila ongezeko la nyuzi 10. Kigali, penye wastani wa nyuzi 20 hivi, bia huzeeka kwa kasi ya takriban mara mbili. Mombasa, penye wastani wa nyuzi 26 au 27, kasi hufikia mara tatu hadi tano: miaka mitano ya Ubelgiji huwa mwaka mmoja hadi miezi ishirini tu. Zaidi ya hayo, mabadiliko yote hayaharakishwi kwa kiwango kimoja, hivyo bia iliyozeeshwa kwa joto hailingani kabisa na ile iliyozeeshwa kwa ubaridi.

Tatizo la lebo

Kiwango cha Codex cha uwekaji lebo kwenye vyakula vilivyofungashwa, pamoja na Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 1169 ya mwaka 2011, havilazimishi tarehe ya ubora kwenye vinywaji vyenye alkoholi ya asilimia 10 au zaidi. Mstari huo hukata pasipostahili. Rochefort 10, yenye asilimia 11.3, ingeweza kuuzwa bila tarehe yoyote. Chimay ya lebo ya buluu, yenye asilimia 9 na mwaka wa toleo ulioandikwa waziwazi, lazima iwe nayo, ingawa zote mbili huhifadhiwa kwa miaka na wanywaji walewale.

Kwa mkaguzi wa bidhaa, tofauti hii ina uzito. Tarehe ya ubora inaposomwa kama tarehe ya mwisho wa matumizi, shehena nzima inaweza kuteketezwa ilhali bia iliyopitwa na tarehe hiyo kwa kawaida haimdhuru mnywaji. Alkoholi, asidi na hopsi huzuia vijidudu vya magonjwa. Hatari halisi ni nyingine: hamira ya pori inaweza kuendelea kula sukari iliyobaki na kuongeza shinikizo hadi chupa dhaifu ipasuke. Msamaha wa asilimia 10 nao humlinda mfanyabiashara aliyeacha stauti ya bei kubwa katika bohari la bati huko bandarini kwa miaka miwili, kwa kuwa mnunuzi hana namna ya kujua.

Tarehe ya kutiwa chupani, ikiambatana na joto la uhifadhi linalopendekezwa, ingewafaa mkaguzi na mnunuzi kuliko tarehe ya mwisho, na ingeweza kudaiwa kwa kila bia yenye hamira hai chupani, iwe na asilimia 6 au 12.