Sailensa ya Ndege ya Mfano: Kutuliza Injini bila Kuikaba

Injini ya ndege ya mfano yaweza kutoshea katika kiganja cha mkono, lakini mlio wake husikika mbali kupita kimo chake. Jambo hilo si dogo, kwani mchezo usiovumiliwa na majirani hukosa kiwanja. Huko Uingereza, mwongozo uliotolewa mwaka 1982 kuhusu kelele za ndege hizi uliweka kikomo cha desibeli 82, zikipimwa umbali wa mita 7. Basi, sailensa iundwe namna gani ili ipunguze kelele bila kuidhoofisha injini?

Kwanza yafaa kufahamu kelele inatoka wapi. Injini nyingi za aina hii ni za mipigo miwili, nazo hutumia metanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, kama vile mafuta ya nyonyo. Katika kila mzunguko, pistoni hufungua tundu la kutolea moshi, na gesi yenye moto na kani hufyatuka mara moja. Injini inayozunguka mara 12,000 kwa dakika hufyatua gesi mara 200 kila sekunde. Mifyatuko hiyo ndiyo mlio wenyewe.

Kazi ya sailensa ni kuigeuza mifyatuko hiyo iwe mkondo mtulivu. Mfano wake ni pipa linalojazwa maji kwa ndoo: maji huingia kwa vishindo, lakini yakitolewa kupitia bomba jembamba lililo chini, hutiririka karibu kwa usawa. Vivyo hivyo, chumba cha sailensa huipokea gesi, huiacha itanuke na kupoa, kisha huitoa polepole. Kadiri chumba kinavyokuwa kikubwa, ndivyo mkondo unavyotulia.

Iko njia nyingine, nayo ni kukipa chumba urefu ulio sawa na robo ya wimbi la sauti, ili mawimbi yanayorudi yapingane na yale yanayokuja. Hata hivyo, katika gesi yenye joto la nyuzi 350 za Selsiasi, sauti husafiri karibu mita 500 kwa sekunde. Wimbi la mitetemo 200 kwa sekunde lina urefu wa mita 2.5, na robo yake ni zaidi ya sentimita 60. Chombo cha urefu huo hakibebeki kwa urahisi katika ndege ndogo. Kwa hiyo mlio mzito hutulizwa hasa kwa ukubwa wa chumba, na sahani zenye matundu huwekwa ndani ili kupunguza milio myembamba.

Bomba la kutolea nje lahitaji uangalifu. Kipenyo chake kikipunguzwa nusu, nafasi ya kupitia gesi hubaki robo tu. Gesi iliyokwisha kuungua hubaki ndani ya silinda, nguvu hupungua, na injini hupata joto la kupindukia. Ni heri kurefusha bomba kuliko kulibana. Aidha, pamba ya kioo inayofaa katika magari haifai sana hapa, kwani hulowa mafuta upesi na kupoteza uwezo wa kufyonza sauti.

Hata sailensa bora ina mpaka wake, kwa sababu rafadha, yaani propela, nayo hupiga kelele. Rafadha ya kipenyo cha sentimita 25 ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, ncha zake hukimbia karibu mita 157 kwa sekunde. Tena, desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Tuseme moshi unatoa desibeli 90 na rafadha 86. Jumla ni kama 91. Moshi ukishushwa hadi 80, jumla huwa 87. Ukishushwa tena hadi 70, jumla ni 86 tu. Jitihada ya pili imeleta faida ya desibeli moja.

Kwa hiyo fundi mwenye busara hupima baada ya kila badiliko. Akiona sailensa haileti nafuu zaidi, huigeukia rafadha: huchagua iliyo kubwa zaidi au yenye mwinamo mkali zaidi, ili injini izunguke polepole. Hapo ndipo utulivu na nguvu hupatana.