Wosia wa Punda 204

Watu hurithi shamba, nyumba, wengine madeni. Elisabeth Svendsen alirithi punda 204.

Ilikuwa mwaka 1974. Bi. Violet Philpin, aliyekuwa akiendesha makao ya punda karibu na mji wa Reading, Uingereza, alikuwa amefariki, na wosia wake ulimkabidhi Bi. Svendsen wanyama wake wote. Mrithi mwenyewe alikuwa mwenye hoteli huko Devon, na mwaka mmoja tu nyuma alikuwa amesajili shirika la hisani akiwa na punda 38. Nyasi, zizi, daktari, kwato za kuchongwa: yote yalikuwa ya kuzidishwa mara kadhaa kwa mpigo. Alikubali.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Mwaka 1969 alinunua punda jike aitwaye Naughty Face, kisha wa pili, Angelina, ili wa kwanza asikae peke yake. Akili yake ilikuwa kwenye kuzalisha punda wazuri. Halafu akaenda mnadani Exeter, akakuta punda saba dhoofu wamesongamanishwa kwenye kizimba kimoja. Hapo ndipo alipoachana na mipango ya uzazi, akaanza kupokea punda ambao hakuna aliyewataka.

Makao makuu ya shirika lake, Slade House Farm karibu na Sidmouth, yana utaratibu mmoja unaomkaa mtu akilini. Punda walioshikamana hawatenganishwi, wala kwa safari ya hospitali. Mmoja akiugua, mwenzake hupakiwa naye. Na mmoja akifa, mwili hauondolewi mara moja. Aliyebaki huachwa naye. Hunusa, husukuma kwa pua, huondoka hatua chache, hurudi. Wengine husimama tu. Wahudumu husubiri mpaka aondoke kwa hiari yake na kurudi kwenye malisho.

Anayedhani hayo ni mapenzi ya kupindukia ya wazungu na auelewe mwili wa punda. Asiyejua mwenzake amekwenda wapi huzunguka akimtafuta, na anaweza kususia chakula. Punda akikaa bila kula, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe. Mafuta yale hufurika kwenye damu, ini likashindwa kazi. Madaktari huiita haipalipemia, na inaweza kumuua kwa siku chache. Huyu ndiye mnyama ambaye sisi tumemwekea methali ya kwamba shukrani yake ni mateke.

Bi. Svendsen hakuishia Devon. Alizunguka nchi ambazo punda ni gari, na alichokazania kwanza kilikuwa dawa ya minyoo. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliyewahi kuendesha biashara: mwenye punda hana haja ya kuhubiriwa huruma, kwa kuwa punda asiye na minyoo hunenepa, hubeba, na huishi miaka mingi zaidi. Faida ataiona mwenyewe.

Ndivyo alivyofika Lamu. Kituo kilifunguliwa mwaka 1987 mbele ya bahari, na matibabu ni bure. Anayeujua Mji wa Kale anaijua kazi ya punda humo: vichochoro havipitishi gari, kwa hiyo mchanga, saruji, mawe na mitungi ya gesi hupita mgongoni mwake. Mpita njia akisikia kwato nyuma yake hujibanza ukutani. Shogi likikaa vibaya huchubua mgongo. Kamba ya nailoni hukata ngozi. Mifuko ya plastiki iliyookotwa jalalani hufunga tumbo. Daktari hushona, huosha, hutoa dawa.

Kisha wengi wao hurudi kubeba mchanga.

Hapa ndipo Lamu na Sidmouth zinapoachana. Kule, punda aliyepokelewa ameahidiwa kulishwa hadi kufa. Huku, tiba humrudisha kazini, na ni vigumu kumlaumu yeyote: mgongo ule ndio unaolipa karo. Punda afe, mzigo ufike, husema Waswahili, na kauli hiyo haikutungwa na watu katili, bali na watu wenye mizigo.

Tena, punda mzee siku hizi ana mnunuzi. Ngozi yake huchemshwa China kutengeneza dawa ya kienyeji iitwayo ejiao, na Kenya iliwahi kuwa na machinjio manne yaliyopewa leseni. Wizi wa punda ulizidi hadi serikali ikapiga marufuku uchinjaji mwaka 2020. Mwaka uliofuata mahakama ikaitengua amri hiyo. Februari 2024, Umoja wa Afrika ulipitisha marufuku ya miaka 15 ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi.

Bi. Svendsen alifariki mwaka 2011, akiacha shirika linalofanya kazi katika nchi nyingi. Ila marufuku haimlishi punda aliyechoka. Mwenye punda mmoja Lamu, yule wa mchanga, mnyama wake akipinda mgongo ana njia chache: aendelee kumpakia, amwachilie azurure jalalani, au amtafute mnunuzi asiyeuliza maswali. Nyasi za miaka kumi ya uzeeni anunue nani?